Namna ya Kukisikia na Kukitamka Kinorwei cha Trøndelag: Mwongozo Kamili kwa Wasemaji wa Kiswahili

Mwongozo huu ni kwa ajili ya msemaji wa Kiswahili anayeishi Trøndelag, katikati ya Norwei, ambaye amesoma bokmål (namna ya kuandika Kinorwei) darasani na anamwelewa mwalimu wake vizuri, lakini akifika kazini au kwa jirani anaambulia neno moja kati ya matano. Nimekaa na wenzetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania katika miji ya Trondheim, Levanger na Steinkjer, na kila mara nimekuta wanakwama mahali pamoja: wanasubiri neno limalizike kama lilivyomalizika kitabuni, na wakati wanasubiri, sentensi imekwisha.

Chanzo chake kinaeleweka. Kiswahili hupenda neno liishie kwa irabu, hata tukipokea neno la kigeni tunalitia irabu mwishoni ili likae vizuri kinywani. Mtrønder, yaani mwenyeji wa Trøndelag, hufanya kinyume: neno lenye irabu mwishoni analikata. Sisi tunaongeza, yeye anapunguza, na katikati hapo ndipo maelewano yanapopotea. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia sikio kuelekea ulimi, kwa hiyo usianze na ya nne kwa sababu inaonekana rahisi.

## Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Simu yenye kinasa sauti, pamoja na vipokea sauti vya masikioni. Spika ya simu haitoshi, kwa kuwa inameza sauti ndogo za mwisho wa neno.
- Kioo kidogo cha kujitazama midomo na ulimi.
- Daftari lenye kurasa zilizogawanywa safu mbili: kushoto neno la bokmål, kulia neno ulivyolisikia.
- Matangazo ya asubuhi ya NRK (shirika la utangazaji la taifa la Norwei) kwa ajili ya Trøndelag, kwa sababu watangazaji na wasikilizaji wanaohojiwa huzungumza lahaja zao bila kuzificha.
- Mkusanyo wa rekodi za lahaja uitwao Nordisk dialektkorpus, ulioko kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Oslo. Humo unaweza kumsikiliza mtu wa mahali fulani huku ukisoma maneno yake.
- Mzawa mmoja mwenye subira: mfanyakazi mwenzako, jirani, au mzazi wa rafiki ya mwanao.

Kiwango cha chini cha lugha ni A2, yaani ngazi ya pili ya msingi katika vipimo vya lugha vya Ulaya. Ukiwa chini ya hapo, maliza kwanza msingi wa bokmål, kwa maana huwezi kutambua kilichokatwa kama hukijui kilivyokuwa kizima.

Jambo moja la kuweka akilini: Norwei haina matamshi rasmi ya taifa. Bokmål na nynorsk ni namna za kuandika, na mtu wa Trondheim hukisema Kitrønder, lahaja ya Trøndelag, benki, hospitalini na hata redioni. Kwa hiyo usimsubiri abadilishe lugha kwa ajili yako.

## Hatua ya 1: Shika maneno madogo

Anza na maneno yanayojirudia katika kila sentensi. Ukiyajua haya, sikio linapata nafasi ya kupumzika na kuyashughulikia yaliyo mazito.

- jeg (mimi) huwa æ
- ikke (kanusho) huwa itj, na mahali pengine ikkje
- hva (nini) huwa ka
- hvem (nani) huwa kæm
- hvor (wapi) huwa kor
- hvorfor (kwa nini) huwa koffer
- hun (yeye, mwanamke) huwa ho, ambayo masikioni mwetu ni "hu"
- de (wao) huwa dæm

Ili kutamka æ, sema "e" ya neno "pete", kisha shusha taya kana kwamba unataka kufika kwenye "a", lakini usimame katikati ya njia. Midomo ibaki imetanuka. Tazama kwenye kioo: ikiwa midomo imejikunja kuwa duara, umekosea.

Neno itj lina zawadi kwetu, kwa sababu tj hiyo inakaribiana mno na "ch" ya "chai". Sema "ichai", kisha uikatishe kabla ya "ai". Hapo umekwisha kukanusha kwa Kitrønder.

Mpangilio wa maneno nao huyumba kidogo. Darasani umefundishwa kusema Hva gjør du? (unafanya nini?), nawe utasikia Ka du gjør?, kitenzi kikiwa nyuma ya mtendaji. Sentensi hiyo si kosa la msemaji, wala huna haja ya kuisahihisha.

Kuna sentensi moja maarufu ambayo Watrønder huwasomea wageni kwa furaha: Æ e i a, æ å. Maana yake ni "Mimi nami niko darasa la A". Ina irabu tupu, kama neno letu "aua". Isome polepole mara kumi: æ ni mimi, e ni kitenzi er kilichopoteza r, i ni ndani ya, a ni jina la darasa, kisha æ inarudi mwishoni kutia mkazo, na å, inayotamkwa kama "o" yetu, ni kifupi cha også, yaani pia. Kurudia kiwakilishi mwishoni hivyo ni tabia ya kila siku ya lahaja hii.

Dalili ya mafanikio: unasikiliza dakika tano za redio na kuweka alama daftarini kila unaposikia æ, itj na ka, bila kujali maneno mengine.

Tahadhari: usiruke hatua hii kwa sababu maneno ni mafupi. Ufupi wake ndio unaoyafanya yapite bila kuonekana.

## Hatua ya 2: Itafute irabu iliyokatwa

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na ndipo ninapokuomba ukae muda mrefu kuliko kwingine, hata wiki mbili.

Alama å mbele ya kitenzi cha Kinorwei hufanya kazi ya "ku-" yetu: å snakke ni kuzungumza. Katika Kitrønder, irabu ya mwisho ya umbo hilo huanguka:

- å snakke (kuzungumza) huwa å snakk
- å jobbe (kufanya kazi) huwa å jobb
- å kaste (kutupa) huwa å kast
- å kjøpe (kununua) huwa å kjøp

Mpaka hapo ni rahisi. Mtego uko kwenye wakati uliopo. Bokmål husema jeg jobber, ilhali Mtrønder huiacha r na kusema æ jobbe. Mwanafunzi akisikia jobbe anadhani ni umbo la "ku-" alilolisoma kitabuni, akaanza kutafuta kitenzi kingine ambacho hakipo. Kwa hiyo andika maumbo haya matatu kwenye karatasi na uyabandike mlangoni:

- Æ ska jobb. (Nitafanya kazi.)
- Æ jobbe. (Ninafanya kazi.)
- Æ jobba. (Nilifanya kazi.)

Yasome kwa sauti kila unapotoka nyumbani. Angalia kwamba tofauti yote ya wakati imebebwa na herufi moja ya mwisho, au na kutokuwepo kwake. Msimamizi akikuuliza Ska du jobb i mårra? anauliza juu ya kesho. Akisema Du jobba i går anazungumzia jana. Nimemwona mtu akienda kazini siku yake ya mapumziko, katikati ya theluji, kwa sababu ya kuchanganya maumbo haya.

Si kila kitenzi hupoteza mkia. Vipo vichache vya kale ambavyo vimebaki nao, na kinachotumika zaidi ni å være (kuwa), ambacho utakisikia kama å værra mjini Trondheim na kama å vårrå katika sehemu za ndani za Trøndelag. Usitafute kanuni ya kukisia; vijifunze kimoja kimoja kadiri unavyokutana navyo.

Dalili ya mafanikio: mzawa anakusomea sentensi sita zilizochanganywa, nawe unaonyesha kwa kidole kama ni jana, leo au kesho, na unapata angalau tano.

Tahadhari: unapotamka jobb, usiongeze "i" wala "u" ndogo mwishoni. Ulimi wetu hufanya hivyo wenyewe. Funga midomo kwenye b na uiache imefungwa mpaka uhesabu moja.

## Hatua ya 3: Sikiliza wimbo uliobaki

Irabu iliyokatwa haikuondoka bure. Imeacha wimbo wake ndani ya silabi iliyobaki, na wimbo huo ndio unaomwezesha Mtrønder kutofautisha Kast! (tupa!) na å kast (kutupa), ingawa kwa herufi ni kitu kimoja.

Kinorwei cha sehemu hii kina toni mbili za neno. Toni ya kwanza huanzia chini kwenye silabi yenye mkazo, kisha hupanda. Toni ya pili huanzia juu, hushuka, kisha hupanda tena. Maneno bønder (wakulima) na bønner (maharage, na pia maombi) hutofautishwa kwa toni hiyo tu: la kwanza lina toni ya kwanza, la pili lina toni ya pili. Sasa, neno la silabi mbili lenye toni ya pili linapokatwa irabu, mawimbi yote mawili hubanwa ndani ya silabi moja. Ndiyo maana å kast husikika ndefu kidogo na yenye kuyumba, wakati Kast! ni fupi na inapanda moja kwa moja.

Zoezi lake ni kuimba kwa pua bila maneno. Mrekodi mzawa akisema et hopp (mruko mmoja), kisha å hopp (kuruka). Funga mdomo na uige wimbo peke yake: "mm" inayopanda kwa la kwanza, "mmm" inayoshuka na kupanda kwa la pili. Ukishaupata wimbo, uvalishe neno.

Aliyekulia katika Kirundi, Kinyarwanda au Kilingala ana bahati hapa, kwa kuwa sikio lake limeshazoea toni kubadili maana. Aliyekulia katika Kiswahili peke yake atahitaji siku nyingi zaidi, na asivunjike moyo.

Dalili ya mafanikio: unasikia tofauti kati ya hopp hizo mbili ukiwa umefumba macho, mara nane kati ya kumi. Kuitamka kunaweza kusubiri miezi.

## Hatua ya 4: "Ny" isiyo na irabu

Hii ndiyo sauti ambayo wageni wengine huihangaikia, na sisi tumezaliwa nayo. Sauti nn na ll zinapofuata irabu fupi yenye mkazo, Mtrønder huinua ulimi ukalala kwenye kaakaa. Neno mann (mwanamume) huishia kwa ile ile "ny" ya "nyanya". Watu huliandika mannj au mainn katika ujumbe wa simu, na njia zote mbili zinajaribu kuonyesha jambo hilo moja.

Fanya hivi: sema "manya" taratibu. Rudia, lakini simama kwenye "ny" na uishikilie, ulimi ukiwa bado umebanwa juu. Usiuachie. Ulipofika hapo ndipo neno linapoishia.

Kisha jaribu haya:

- land (nchi) huwa lannj
- vind (upepo) huwa vinnj
- han (yeye, mwanamume) huwa hannj
- kveld (jioni) huwa kvellj
- fjell (mlima) huwa fjellj

Utaona kwamba d ya land, vind na kveld haitamkwi kabisa. Nd inahesabiwa kama nn, na ld kama ll. Kwa llj, weka ulimi kama kwenye "ny", lakini pitisha hewa pembeni mwa ulimi badala ya puani. Katika maeneo mengi ya mashambani hata tt na dd hupata mguso huo, kwa hiyo natt (usiku) husikika kama nattj.

Urefu wa irabu ndio mlinzi wa mlango. Neno vin (divai) lina irabu ndefu na n fupi, na halipati "ny" hata kidogo. Neno vind lina irabu fupi na n ndefu, nalo hulipata. Ukilitia divai "ny", umeomba upepo. Yarekodi maneno hayo mawili mfululizo, mara kumi, mpaka hesabu yako iwe sawa: vi-i-n, vinnj.

Dalili ya mafanikio: unasema Hannj jobbe i kvellj (anafanya kazi jioni ya leo), na mzawa anaitikia maana yake bila kukuomba urudie.

Tahadhari: "nya" haipo mwishoni. Ukisikia "a" kwenye rekodi yako, rudi mwanzo wa zoezi.

## Hatua ya 5: L nene

Katika neno sol (jua) utasikia sauti ambayo wenzetu wengine wanaiandika kama r na wengine kama l. Wenyeji huiita l nene. Si r yetu na si l yetu, na anayetoka mahali ambapo r na l huchanganywa asiichukulie kama ruhusa ya kutumia yoyote.

Kunja ncha ya ulimi irudi nyuma, upande wake wa chini ukaribie kaakaa. Kisha uachie ujirushe mbele, ukipiga mara moja tu njiani. Kioo kitakuonyesha upande wa chini wa ulimi kwa nukta moja. Usipouona, hukukunja vya kutosha. Jaribu gul (manjano), skole (shule), blå (buluu), klokke (saa). Herufi rd katika bord (meza) na gård (shamba lenye makazi) nazo mara nyingi hutamkwa hivyo hivyo, ndiyo maana bord husikika kama neno linaloishia kwa l.

Usiitumie mwanzoni mwa neno, wala mahali penye ll. Katika bil (gari) pia l hubaki nyepesi.

Dalili ya mafanikio: kuitambua unapoisikia. Kuitamka ni ziada. L ya kawaida itaeleweka popote.

## Hatua ya 6: Irabu zilizoshuka

Hili ni jepesi. Irabu fupi mara nyingi hushuka ngazi moja: fisk (samaki) huwa fesk, å drikke (kunywa) huwa å drekk, å flytte (kuhama) huwa å fløtt, hest (farasi) huwa hæst. Kwa ø, sema "e" huku midomo imekunjwa kama ya "o".

Mkaribishaji wako atakuuliza Vil du ha nåkka å drekk? Hapo umekutana na hatua ya 2, ya 3 na ya 6 katika neno moja la mwisho.

Herufi rs hutamkwa kama "sh", na r yenyewe hupigwa kwa ncha ya ulimi kama yetu, tofauti na ile ya kooni ya Bergen. Hapo huna kazi.

## Hatua ya 7: Usijibu swali ambalo hukuulizwa

Katika Kiswahili, sauti ikipanda mwishoni mwa sentensi tunajua tumeulizwa: "Amefika?" Huku Trøndelag hata sentensi ya taarifa huelekea kuishia juu. Mwenzako akisema kwamba basi limechelewa, sikio lako linasikia anakuuliza kama basi limechelewa, nawe unajibu hujui, naye anakutazama.

Acha kufuata sauti na ufuate kitenzi. Kikitangulia, umeulizwa: Kjæm du? (Unakuja?). Kikifuata mtendaji, na hakuna ka, kor wala kæm mbele, umeambiwa: Du kjæm (unakuja).

Lipo pia ja linalosemwa kwa kuvuta hewa ndani, karibu kama mtu aliyeshtuka. Mara ya kwanza nililisikia kwa bibi mmoja niliyekuwa nikimsaidia kufunga vifungo vya sweta. Nilisimama nikidhani nimemuumiza, kumbe alikuwa amekubali tu kwamba nje kuna baridi. Lihesabu kama "ndiyo" ya upole na uendelee na kazi yako.

Dalili ya mafanikio: kwa siku nzima kazini, hujajibu taarifa kama swali.

## Hatua ya 8: Peleka nje

Mwambie yule mzawa wako akurekodie dakika mbili kuhusu jambo la kawaida, kama vile alivyopika samaki jana. Sikiliza mara tatu: ya kwanza bila kuandika, ya pili ukiandika ulivyosikia katika safu ya kulia, ya tatu ukijaza bokmål upande wa kushoto. Mstari utakaobaki mtupu upande wa kushoto ndio somo lako la kesho.

Usipoelewa mtu, usiseme tu kwamba hujaelewa, kwa sababu ataongeza sauti badala ya kupunguza kasi. Rudia neno ulilolishika na uulizie lililokupita: Du ska fløtt... ka tid? (Utahama... lini?). Atakujibu sehemu ile tu uliyokosa, na mazungumzo yatasonga.

Kwa upande wa kuzungumza, chagua machache ya kuanzia: æ, itj, ka, na vitenzi vilivyokatwa. Yakikaa, "ny" ya mwisho itakuja yenyewe. Katika maandishi ya ofisi, barua na mtihani, endelea na bokmål au nynorsk. Ujumbe wa simu ni jambo jingine: kiongozi wa zamu akikuandikia Kjæm du i mårra?, unaweza kumjibu Ja, æ kjæm.